Istilahi za Saruji na Udhibiti wa Ubora: Lugha ya Kiwandani, Dukani na Saiti

IKISIRI
Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaotumika katika kutengeneza, kuuza na kutumia saruji nchini Tanzania, pamoja na mifano michache kutoka Kenya na Omani. Hoja yetu ni kwamba upungufu uliopo si wa kukosa maneno. Maneno tunayo, tena mengi, lakini baadhi yake yanafunika tofauti ambazo uimara wa majengo na uendelevu wa tasnia hii vinazitegemea. Tunajadili maneno saruji, kiwango, daraja, udhibiti, kukauka na kuchanganya, kisha tunatoa mapendekezo.

1.0 UTANGULIZI
Saruji ni bidhaa ya kiwandani inayomfikia karibu kila Mtanzania. Kiwanda cha kwanza nchini kilianza kazi Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Tanga na Mbeya zikafuata, na mwaka 2015 kikafunguliwa kiwanda kikubwa cha Mtwara. Huko Kenya, kiwanda cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954. Kwa hiyo lugha ya Kiswahili imeishi jirani na tanuri za saruji kwa zaidi ya nusu karne, na ingetarajiwa kwamba msamiati wake umekwisha kutulia. Sivyo ilivyo.

Mwandishi alitanabahi tatizo hili alipokuwa akijenga nyumba yake. Alipomwuliza fundi atumie saruji ipi kwenye nguzo na boriti, alijibiwa: "Mzee, saruji ni saruji, tofauti ni bei tu." Ikanunuliwa ya bei nafuu. Siku ya tatu baada ya kumwaga zege, fundi akasema zege limekwisha kauka, hivyo hapana haja ya kuendelea kulimwagilia maji. Miezi miwili baadaye boriti moja ilipasuka, ikabidi ivunjwe na kumwagwa upya. Mhandisi aliyeitwa kuikagua alieleza kwamba saruji yenyewe haikuwa mbovu. Ilitumika mahali pasipoifaa, kisha ikanyimwa maji kabla ya wakati wake. Fundi yule hakuwa mvivu wala mwizi. Alitenda sawasawa na alivyoelekezwa na maneno aliyokuwa nayo.

Hatukusudii kudai kwamba majengo huanguka kwa sababu ya istilahi. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, na lile la Kariakoo la tarehe 16 Novemba 2024, yanatukumbusha kwamba kuporomoka kwa jengo huwa na sababu za kihandisi, za kisheria na za kimaadili. Hata hivyo, mnyororo wa ubora una pingu nyingi, na lugha ni mojawapo. Maelekezo yasiyoeleweka ni sawa na maelekezo yasiyotolewa.

Katika kuzipima istilahi tutatumia vigezo vinne vinavyofahamika kwa wanaistilahi: usahihi, uwazi wa maana, uwezo wa kuzaa maneno mengine, na kukubalika kwa watumiaji. Tutaongeza swali la tano: je, neno hili linamsaidia mtumiaji kutenda jambo lililo sahihi?

2.0 NENO SARUJI: ASILI NA UPANUZI WA MAANA
Neno saruji linapatikana katika Kiajemi na katika Kiarabu cha Omani kwa umbo sārūj. Huko Omani sārūj si saruji ya kiwandani. Ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa kuni na magogo ya mitende, ukasagwa, kisha ukatumiwa kusakafia ngome, visima na mifereji ya maji iitwayo aflaj, ambayo mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Udongo uliochomwa kwa namna hiyo, ukikutana na chokaa na maji, huwa mgumu kama jiwe na hauyeyuki majini.

Katika pwani yetu waashi walitumia zaidi chokaa. Magofu ya Kilwa, Songo Mnara na Gedi yalijengwa kwa matumbawe na chokaa iliyotokana na matumbawe hayohayo baada ya kuchomwa katika tanuu. Ilipoletwa bidhaa ambayo Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1824 kwa jina la saruji ya Portland, Kiswahili kilikuwa na njia mbili. Kiliweza kutohoa neno la Kiingereza, na hivyo tunalo simenti, linalosikika hadi leo Kenya na kwingineko. Au kiliweza kupanua maana ya neno lililokuwapo, nalo ni saruji, ambalo limeshinda katika lugha sanifu.

Upanuzi huo ulileta faida ya kupata neno fupi linalokubalika. Hasara yake ni kwamba neno moja lilibeba vitu vingi. Kisarufi, saruji ni nomino ya wingi usiohesabika katika ngeli ya I-/ZI-, na umbo lake halibadiliki: saruji hii, saruji hizi. Msemaji hulazimika kuongeza neno aina ili aonyeshe kwamba zipo zaidi ya moja, na katika mazungumzo ya dukani aghalabu haongezi. Kauli ya fundi wetu, saruji ni saruji, ni sahihi kabisa kisarufi. Kosa lake ni la kikemia.

Jambo la pili ni uhusiano wa saruji na chokaa. Malighafi kuu ya saruji ni jiwe ambalo kwa Kiswahili huitwa jiwe la chokaa, na mara nyingi, kwa kufupisha, chokaa tu. Ufupisho huu una madhara. Jiwe bichi lina hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Chokaa iliyochomwa haina. Kila kilo 100 za jiwe safi zikichomwa, kilo 44 hupaa angani zikiwa hewa ya ukaa, na kilo 56 hubaki. Mtu anayeliita jiwe na zao lake kwa jina moja hawezi kuona kwamba kuna kitu kilichotoweka katikati. Wachoma chokaa wa pwani hawakulifanya kosa hili: kabla ya moto walisema matumbawe, baada ya moto walisema chokaa. Tofauti hiyo ya kale ndiyo msingi wa mjadala wote wa kisasa kuhusu saruji na tabianchi.

3.0 KIWANGO, DARAJA NA AINA
Neno kiwango ni tegemeo la lugha ya ubora nchini. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, linalibeba katika jina lake. Hebu tutazame sentensi nne:

(1) Saruji hii imekidhi kiwango.
(2) Kiwango cha saruji katika zege hili ni kidogo.
(3) Nataka saruji ya kiwango cha juu.
(4) Kiwango cha uzalishaji wa saruji kimepanda.

Katika (1) kiwango ni waraka wa masharti uliopitishwa na mamlaka. Katika (2) ni kiasi. Katika (3) ni ubora au nguvu. Katika (4) ni kadiri. Muktadha hutatua utata huu katika mazungumzo ya kawaida, ila si daima. Mtu anayesoma maelekezo yasemayo "ongeza kiwango cha saruji kwenye nguzo" anaweza kuelewa kwamba atie mifuko zaidi, au kwamba anunue saruji yenye nguvu zaidi. Haya ni matendo mawili tofauti, yenye gharama tofauti na matokeo tofauti.

Ili kuiepa adha hii, baadhi ya waandishi hutumia daraja kwa maana ya kundi la nguvu. Neno hili nalo lina mtego wake, maana saruji ya daraja kwa msikilizaji wa kawaida ni saruji ya kujengea kivuko juu ya mto. Istilahi kamili, daraja la nguvu, huondoa utata, mradi isifupishwe.

Sasa tuangalie kile kinachoandikwa kwenye mfuko. Utaratibu wa kuainisha saruji uliotokana na viwango vya Ulaya, na ambao umeenea Afrika Mashariki, hutumia alama kama hii: CEM II/B-P 32.5N. Alama hiyo ni sentensi nzima. CEM II/B inasema kwamba klinka, yaani vile vibonge vigumu vitokavyo tanurini, ni asilimia 65 hadi 79 ya mchanganyiko mkuu. Herufi P inasema kwamba kilichoongezwa ni pozolana ya asili, yaani majivu au mawe ya volkano. Namba 32.5 inasema kwamba baada ya siku 28 saruji hiyo itahimili si chini ya megapaskali 32.5, sawa na newtoni 32.5 kwa kila milimita mraba. Herufi N inasema kwamba nguvu ya siku za mwanzo ni ya kawaida. Ingekuwa R, ingekuwa ya haraka.

Hapa pana mambo mawili yanayotenganishwa katika alama na kuunganishwa katika usemi wa mtaani. La kwanza ni aina, yaani saruji imeundwa kwa nini. La pili ni daraja la nguvu, yaani inahimili kiasi gani. Saruji yenye klinka pungufu inaweza kabisa kuwa ya 42.5. Lakini kwa kuwa mtaani huulizwa swali moja tu, "Ni ya namba ngapi?", namba imemeza aina. Herufi P, L au S, ambazo ndizo zinazobeba habari ya mazingira, hazina matamshi wala jina katika lugha ya dukani.

Aidha, namba yenyewe ni ahadi yenye masharti. Katika maabara hupimwa kwa kuchanganya sehemu moja ya saruji, sehemu tatu za mchanga maalumu na nusu sehemu ya maji kwa uzito. Hufinyangwa vipande vya milimita 40 kwa 40 kwa 160, vikatunzwa majini katika nyuzi 20 hadi siku ya kupimwa. Kwenye saiti, mchanga huweza kuwa na udongo, vipimo ni vya karai na toroli, na maji hutiwa hadi zege liteleze vizuri kwenye koleo. Kadiri maji yanavyozidi kiasi kinachohitajika, ndivyo nguvu inavyopungua. Kwa hiyo anayeamini kwamba "amenunua 42.5" amenunua uwezo tu, na bado hajapata nguvu hiyo ndani ya nguzo yake.

4.0 UDHIBITI NA UTHIBITI
Istilahi udhibiti wa ubora imezoeleka. Pembeni yake kuna uthibiti ubora, unaotumika kwa mfano katika elimu, ambako waliokuwa wakaguzi wa shule sasa huitwa wathibiti ubora wa shule. Je, haya ni maneno mawili au ni neno moja lililoandikwa kwa namna mbili?

Kietimolojia ni mawili. Dhibiti linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushika barabara, kuzuia na kuweka sawa. Thibiti linatokana na mzizi mwingine wenye maana ya kuwa imara na kuwa hakika, nao umetupatia thabiti, thibitisha na uthibitisho. Kifonolojia, tofauti yao ni ya sifa moja tu: dh ni ghuna, th si ghuna. Wazungumzaji wengi ambao lugha zao za kwanza hazina sauti hizi huzitamka z na s, na wengine hubadilishana moja kwa nyingine. Si ajabu, basi, kwamba katika nyaraka maneno haya hugongana.

Mgongano huo si wa tahajia tu, kwani kiwandani kuna kazi mbili zilizo tofauti. Kazi ya kwanza ni ile ya maabara ya kiwanda: kuchukua sampuli za unga wa mawe kabla haujaingia tanurini, kuangalia kama klinka imeiva vyema katika nyuzi joto takribani 1450, kurekebisha kiasi cha jasi kinachosagwa pamoja nayo ili saruji isishike mapema mno. Huku ni kushika na kuweka sawa, ni kudhibiti. Kazi ya pili ni ya chombo kilicho nje ya kiwanda, kinachopima bidhaa iliyokamilika na kuitolea alama ya ubora. Huku ni kuhakikisha mbele ya umma, ni kuthibitisha. Mtengenezaji hawezi kujithibitishia mwenyewe, na mthibitishaji hawezi kumdhibitia mtengenezaji tanuri yake.

Iko pia kazi ya tatu, ambayo haina mwenyewe: kuhakikisha kwamba kilichopimwa kiwandani ndicho kinachotumika ndani ya jengo. Mfuko ukikaa dukani chini ya paa linalovuja, saruji huganda kabla ya kuuzwa, na huweza kupondwapondwa na kuuzwa tena kwa mnunuzi asiyejua. Alama iliyo kwenye mfuko haibadiliki, ingawa saruji imebadilika. Kwa kazi hii tunalo neno la siku nyingi, ukaguzi, na hatuoni sababu ya kuliacha.

5.0 KUSHIKA, KUKAUKA NA KUKOMAA
Tunafika sasa kwenye neno ambalo, kwa maoni yetu, lina madhara makubwa kuliko mengine yote: kukauka. Kwa kawaida husemwa kwamba zege au lipu imekauka, ikimaanishwa kwamba imekuwa ngumu. Kukauka katika Kiswahili ni kupoteza maji: nguo hukauka, samaki hukauka, kisima hukauka. Tunaposema zege limekauka, tunadokeza kwamba ugumu wake umetokana na kuondoka kwa maji.

Ukweli ni kinyume chake. Saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji, na fuwele zinazozaliwa katika muungano huo ndizo zinazoshikamanisha mchanga na kokoto. Maji yakitoweka mapema, muungano hukatika njiani na nguvu iliyoahidiwa haipatikani. Ndiyo maana zege jipya hufunikwa na kumwagiliwa kwa siku kadhaa. Fundi anayeamini kwamba zege linatakiwa kukauka ataona kulimwagilia maji ni kulirudisha nyuma. Tamathali imemshinda mtaalamu.

Lugha ya mafundi wenyewe inayo maneno yaliyo bora zaidi. Husema zege limeshika pale linapopoteza ulaini wake. Kushika huku kuna kipimo chake: kwa saruji ya 42.5, mwanzo wa kushika hautakiwi kutokea kabla ya dakika 60, na kwa ile ya 32.5 kabla ya dakika 75. Baada ya kushika huja kipindi kirefu cha kuongezeka nguvu, ambacho kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Kipindi hiki kinastahili kuitwa kukomaa. Kukomaa ni neno la mimea na la watu. Linadokeza muda, malezi na maji. Kitu kinachokomaa huhitaji kutunzwa hadi mwisho, ilhali kinachokauka huachwa juani.

Yapo pia maji yenyewe. Usemi kutia maji hutumika kwa matendo mawili: kuongeza maji katika mchanganyiko kabla ya kushika, na kulimwagilia zege baada ya kushika. La kwanza likizidi hudhoofisha. La pili likikosekana hudhoofisha. Mwanafunzi wa ufundi anayeambiwa kwamba "maji mengi ni mabaya" na papo hapo "maji ni muhimu" ana haki ya kuchanganyikiwa. Tungependa maneno yatenganishwe: maji ya kuchanganyia kwa yale ya awali, na kumwagilia kwa yale ya baadaye.

6.0 KUCHANGANYA, KUCHAKACHUA NA UENDELEVU
Tasnia ya saruji hukadiriwa kutoa takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Sehemu ya hewa hiyo hutoka kwenye nishati inayochoma tanuri, na hapo panaweza kufanyiwa marekebisho. Tangu mwaka 2004 gesi asilia ya Songo Songo imepunguza utegemezi wa mafuta mazito katika viwanda vya Dar es Salaam. Lakini sehemu iliyo kubwa zaidi hutoka ndani ya jiwe lenyewe, kama tulivyoona. Kila kilo ya klinka hutoa takribani nusu kilo ya hewa ya ukaa kutoka katika jiwe, hata kama tanuri lingechomwa kwa jua. Mfuko wa kilo 50 wenye asilimia 95 ya klinka una kilo 24 hivi za hewa hiyo nyuma yake. Wenye asilimia 70 una kilo 18 hivi. Kwa hiyo njia ya karibu zaidi ya kupunguza madhara ni kupunguza klinka na kuongeza kitu kingine chenye uwezo wa kuungana na chokaa: pozolana ya volkano kama ile ya nyanda za Mbeya, au udongo wa mfinyanzi uliochomwa.

Hapa lugha inazuia njia. Saruji ya namna hii huitwa saruji iliyochanganywa. Katika masikio ya mnunuzi, kitu kilichochanganywa ni kitu kilichopunguzwa: maziwa yaliyochanganywa maji, asali iliyochanganywa sukari. Tangu mwaka 2010 hivi, neno kuchakachua limeenea sana Tanzania kwa maana ya kughushi kwa kuchanganya, hasa mafuta, nalo limeongeza shaka juu ya kila mchanganyiko. Matokeo yake ni kwamba bidhaa halali, iliyopimwa na kuthibitishwa, inaingia sokoni ikiwa imevaa jina la mhalifu. Kwa upande wa pili, mhalifu wa kweli, yule anayetia majivu au vumbi la mawe katika mfuko uliokwisha kufunguliwa, anaweza kujitetea kwamba hata kiwandani wanachanganya. Neno lisilotofautisha humwonea mwema na kumkinga mwovu.

Tunapendekeza istilahi saruji mseto. Mseto, kwa asili chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja, limekwisha kupanuka bila kupoteza heshima: kilimo mseto, serikali ya mseto, dawa mseto ya malaria. Katika matumizi yote hayo vitu viwili huunganishwa kwa makusudi ili vifae zaidi kuliko kimoja peke yake. Neno hili lina uwezo wa kuzaa: saruji mseto ya pozolana, saruji mseto ya jiwe la chokaa, saruji mseto ya udongo. Ile yenye klinka ya asilimia 95 na zaidi itaitwa saruji ya klinka.

Ieleweke kwamba saruji mseto si bora kwa kila jambo. Zile za pozolana hupata nguvu polepole zaidi mwanzoni, hivyo huhitaji kumwagiliwa kwa siku nyingi zaidi. Hapa ndipo sehemu ya tano na ya sita za makala haya zinapokutana. Jamii inayoamini kwamba zege hukauka itaivunjia saruji mseto heshima yake kwa kuinyima maji, kisha itailaumu kwa udhaifu. Uendelevu wa tasnia hauwezi kutengwa na kitenzi anachokitumia kibarua.

Neno uendelevu lenyewe linahitaji kusemewa kidogo. Limeundwa kwa utaratibu mzuri: endelea, endelevu (kama vumilivu na sikivu), uendelevu. Udhaifu wake ni kwamba linasisitiza kuendelea tu. Machimbo yanayoendelea hadi jiwe la mwisho nayo yameendelea. Dhana inayokusudiwa ni kuendelea bila kumaliza au kuharibu kile ambacho wengine watakihitaji. Mfano wa Bamburi unasaidia kuifafanua. Kuanzia mwaka 1971 René Haller aliongoza kazi ya kurudisha uhai katika machimbo ya kiwanda hicho kwa kupanda mivinje na kutumia majongoo kuyageuza majani yake makavu kuwa udongo. Lakini kurudisha msitu kwenye shimo hakurudishi hewa ya ukaa ndani ya jiwe. Uendelevu wa ardhi na uendelevu wa hewa ni mambo mawili, na mwandishi makini ataeleza anazungumzia lipi.

7.0 MAPENDEKEZO
Kutokana na mjadala huu tunapendekeza yafuatayo:

(a) Kiwango kibaki kwa maana ya waraka wa masharti. Kwa maana ya wingi, litumike kiasi. Kwa maana ya nguvu ya saruji, litumike daraja la nguvu bila kufupishwa.
(b) Udhibiti wa ubora uwe kazi ya mtengenezaji, uthibitishaji wa ubora uwe kazi ya chombo huru, na ukaguzi uwe kazi ya dukani na saiti.
(c) Kushika na kukomaa yachukue nafasi ya kukauka katika vitabu vya ufundi na katika maelezo ya mifukoni.
(d) Saruji mseto ichukue nafasi ya saruji iliyochanganywa.
(e) Jiwe la chokaa na chokaa yasibadilishane nafasi.
(f) Alama za aina na daraja zifafanuliwe kwa Kiswahili kwenye mfuko, kwa sentensi mbili au tatu: imeundwa kwa nini, inafaa kazi gani, imwagiliwe kwa siku ngapi.

Pendekezo la mwisho lina msingi wa kisheria. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kiwango cha saruji kinachotungwa kwa lugha ambayo fundi haisomi kinamfunga fundi huyo bila kumweleza.

8.0 HITIMISHO
Tumeona kwamba istilahi za saruji hazina uhaba, ila zina msongamano: maneno machache yamebebeshwa maana nyingi, na mengine yamebebeshwa picha isiyo ya kweli. Tumeona pia kwamba marekebisho mengi hayahitaji kubuni neno jipya. Kushika, kukomaa, mseto na ukaguzi yamo tayari vinywani mwa watu. Kazi ya mwanaistilahi hapa ni kusikiliza kwanza, kisha kupanga.

Tumalizie kwa kurejea neno tuliloanza nalo. Hivi sasa watafiti wa saruji wanaeneza aina yenye takribani asilimia 50 ya klinka, 30 ya udongo uliochomwa, 15 ya jiwe la chokaa na 5 ya jasi, inayoweza kupunguza hewa ya ukaa kwa takribani asilimia 30 hadi 40. Udongo wake huchomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, na kwa hiyo hautumii moto mkali kama ule wa klinka. Udongo uliochomwa, ukasagwa, ukakutanishwa na chokaa ndio uliokuwa sārūj ya waashi wa Omani. Neno tulilolikopa kwa ajili ya udongo tulilihamishia kwenye klinka; huenda sasa likaanza safari ya kurudi. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti wa nyanjani wanahimizwa kwenda Tanga, Mbeya na Mtwara wakakusanye maneno ya mafundi, wapishi wa tanuri na wauza maduka, kabla hayajafunikwa na alama za mifukoni zisizotamkika.